Jerop na Kitanda cha Magurudumu

Jumamosi, tarehe 13 Aprili 1957. Asubuhi upepo ulivuma kutoka ziwani ukaleta vumbi jeupe la magadi, likaingia mpaka kwenye sufuria za uji. Alasiri mawingu yalijikusanya juu ya mlima Menengai, yakatishia watu kidogo, kisha yakatawanyika bila kunyesha.

Siku hiyo, mbele ya macho ya lokesheni nzima, ule mtaa wa wafanyakazi wa mjini, Jerop alimlaza kitandani mtu ambaye hakuwa na ugonjwa wowote. Nia yake ilikuwa njema kabisa.

Jerop alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Zamani alisafisha wodi hospitalini, na huko, akiwa na fagio mkononi, aliwatazama wauguzi wakiwageuza wagonjwa mpaka naye akajua. Alipoacha kazi hiyo alianza kuwatunza wagonjwa majumbani mwao: kwa Wahindi wa mjini, kwa watu wa reli, kwa yeyote aliyekuwa amelala ndani bila mtu wa kumwosha. Kikapu chake kilikuwa na sabuni, vitambaa safi, na kipimajoto alichokifunga ndani ya soksi ya mtoto. Jumapili, watu wakitoka kanisani, alisimama penye mteremko akawaambia wachemshe maji, wafungue madirisha, wanawe mikono kabla ya kumgusa mgonjwa. Watu walimsikia kama walivyosikia filimbi ya treni. Walijua ipo, wakaendelea na mazungumzo yao.

Kitanda chenyewe kilikuwa cha Mohanlal, mwuza vitambaa. Alikiagiza kutoka mbali kwa ajili ya mama yake, Sarla, aliyekuwa amepooza upande mmoja. Kilikuwa cha chuma, chenye magurudumu, na mpini wa kuzungusha ili upande wa kichwa uinuke. Jerop alimtunza mama huyo mpaka siku moja akasimama, akatembea hadi dukani, akaanza kuwagombeza wateja wanaoshika vitambaa bila kununua. Mohanlal alifurahi, ingawa biashara ilipungua. Akasema kitanda sasa ni cha lokesheni, apewe mgonjwa anayekihitaji zaidi, ila kwanza watu wote waonyeshwe matumizi yake. Hakutaka kupita kesho akute kimeanikiwa mahindi.

Jerop alijua tayari kitakwenda kwa nani. Ogola alikuwa mtia mafuta mabehewa ya reli, na mama yake alikuwa ameanguka na kuvunjika nyonga mwaka uliopita. Tangu hapo alilala juu ya mkeka kwenye sakafu ya simenti, kwa sababu kitanda cha kamba cha Ogola kilibonyea katikati na kumkunja mpaka akalia. Sasa nyonga ilikuwa na kidonda cha kulalia, na kila juma kilikwenda chini zaidi. Dresa wa hospitali, yule mfunga vidonda, alikuwa amemwambia Jerop wazi: mama huyo ainuliwe kutoka sakafuni, ageuzwe mara kwa mara, la sivyo kidonda kitafika mfupani, na kikifika huko hakuna wa kukirudisha. Hapo mwanzo majirani walikuja kumwona. Baadaye ugonjwa wake ukazoeleka. Ulikuwa kama ukuta ule pale, na hakuna anayekwenda kuusalimia ukuta.

Mzee Kimaiyo, mwenyekiti wa kamati ya afya, aliagiza maonyesho yafanyike katika ukumbi wa lokesheni, na yaanze kwa hotuba yake. Tatizo likawa ni nani atalala. Mama Ogola hangeweza kufunuliwa mbele ya umati. Wengine wote walikataa, maana kujilaza kama mgonjwa huku u mzima ni kuuita ugonjwa kwa jina lake. Ndipo akajitokeza Kipketer, mpakuzi wa magunia ya mahindi kwenye godauni, mwenye shingo ya fahali. Asubuhi ile alikuwa amepakua behewa zima. Alilitazama godoro kwa muda.

"Kazi ni kulala tu?" akauliza.

Akaambiwa ni kulala tu.

"Basi mimi nitawasaidia."

Kimaiyo akahutubu. Jerop akamwosha Kipketer uso na mikono, akambadilishia shuka bila kumtoa kitandani, akamgeuza, akazungusha mpini, akamtia kipimajoto mdomoni. Kila hatua aliieleza. Mgonjwa asiinuliwe kwa ghafla. Asijaziwe watu. Asipewe habari za kumtisha. Watu waliitikia kwa vichwa.

Waliochelewa ndio walioharibu. Waliingia kwa mlango wa nyuma, hotuba imeshapita, wakaona Kipketer amelazwa, ameoshwa, ana kijiti cha kioo mdomoni. Chepkosgei, aliyeuza uji karibu na godauni na aliyemjua vizuri, alishika kifua akauliza kimempata nini. Jirani yake akasema hawajaambiwa, lakini kama mtu wa nguvu zile anaoshwa uso na mwanamke, si jambo dogo. Chepkosgei akaenda nyumbani mbio, akarudi na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandishwa kwa makaa. Alipofika, Kipketer bado alikuwa na kipimajoto, hakuweza kujibu. Kilipotolewa, kibuyu kilikuwa tayari mkononi mwake. Akanywa.

Baada ya kunywa mursik ya mgonjwa, atasemaje kwamba yeye si mgonjwa? Jerop aliporudi kwake, habari ilienea, na usiku ule Kipketer alilala palepale ukumbini akilindwa.

Jumapili asubuhi Jerop alikuja na Ogola kuchukua kitanda. Mlangoni pa ukumbi alikuta beseni la maji na kipande cha sabuni, na watu wamepanga foleni wakinawa mikono. Madirisha yote yalikuwa wazi. Birika la maji yaliyochemshwa lilifunikwa kwa kitambaa safi. Miaka yote aliyosimama kwenye mteremko hakuwahi kuona mtu mmoja akifanya hata nusu ya hayo. Akapita katikati ya watu mpaka kitandani.

"Kipketer, amka. Kitanda kinaondoka."

"Mama, nilijaribu jana jioni," Kipketer akanong'ona. "Nilitoa mguu mmoja nje. Wazee wanne wakaurudisha ndani."

Jerop akawageukia watu, akawaambia kwa sauti kwamba mtu huyu ni mzima, kwamba yalikuwa maonyesho tu. Kimaiyo alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele, fimbo katikati ya magoti. Alitabasamu kwa upole mwingi.

"Mnamsikia?" akasema. "Huyo ndiye muuguzi wa kweli. Anamtia mgonjwa moyo."

"Mzee Kimaiyo, wewe ndiye uliyeagiza maonyesho."

"Na wewe ndiye uliyesema asiinuliwe kwa ghafla. Nilikuwa hapa, nilisikia vizuri."

Ogola aliangalia magurudumu ya kitanda, akaangalia miguu ya Kipketer iliyochomoza nje ya shuka, kisha akaenda zake kazini.

Jumatatu lori la mahindi lilimleta Kemboi, kaka mkubwa wa Kipketer, kutoka Subukia, pamoja na kondoo. Kondoo alichinjwa nyuma ya ukumbi kabla Jerop hajapata nafasi ya kumweleza Kemboi lolote, na alipomweleza, Kemboi alimshukuru kwa maneno mazuri, akafuta machozi. Msimamizi wa godauni alituma salamu na ruhusa ya mapumziko. Kwaya mbili zilifika kwa wakati mmoja zikaimba kwa zamu. Mtu mmoja alikuja kwa treni kutoka Longonot. Hakuwa na ukoo na yeyote pale, ila alisikia habari ndani ya behewa akaona si vizuri kupita tu. Dansi ya mwisho wa juma ikaahirishwa. Harjit, fundi seremala aliyekuwa amekaza gurudumu moja lililolegea, alichungulia, akamwambia Jerop kwamba yeye alitengeneza kitanda cha kutembea, sasa anaona kimefanywa ofisi ya serikali.

"Mwambie kaka yako ukweli," Jerop alimwambia Kipketer, watu walipotoka kula.

"Ametoka Subukia na kondoo, Mama. Nimwambie nini? Kwamba nimepumzika?" Akajishika ubavuni. "Halafu hata mimi sasa nasikia kitu hapa."

Jerop akambonyeza pale.

"Hiyo ni nyama ya kondoo," akasema.

Jumanne asubuhi alikwenda nyumba za reli kumsafisha Mama Ogola. Alipofungua kitambaa, harufu ilikuwa imebadilika. Alikaa chini kwenye simenti akiwa ameshika beseni, akijua kwamba kidonda kinakaribia mfupa. Bibi yule mgonjwa alimtazama kwa jicho moja, kwa kuwa jingine lilikuwa limefichwa na mto.

"Huyo kijana ninayesikia akiimbiwa," akauliza, "anaumwa nini?"

"Anaumwa wageni, Mama."

Bibi akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Kilipotulia, alisema angependa kupelekwa akamsalimie. Ni muda mrefu hajatoka kumwona mgonjwa, na mtu asiyewaona wenzake asilalamike asipoonekana. Jerop akaanza kumkatalia, kwamba kutikiswa kutamwumiza. Kisha akauwaza ule ukumbi, mabenchi yamejaa mpaka ukutani, na mahali pamoja tu pa kumlaza mama mkongwe. Nani atabaki amelala hapo, kijana wa shingo ile, wakati mama wa watu amefika hana pa kuwekwa? Akamwuliza kama ataweza kuvumilia njia.

"Nimevumilia sakafu," bibi akasema.

Ogola aliung'oa mlango wa nyumba kwenye bawaba zake. Wakautandika mablanketi, wakamlaza bibi kwa ubavu wake mzuri, na wanaume wanne wa reli wakaubeba. Jerop alitembea kando, mkono wake mmoja chini ya nyonga ya bibi, akiwakemea kila walipokanyaga shimo.

Mlangoni pa ukumbi walisimamishwa. Ilibidi wote wanawe. Bibi naye alinawishwa akiwa juu ya mlango wake, kwa heshima zote, na watu wakampisha mpaka kitandani. Hakukuwa na nafasi hata ya kuweka kikapu. Wale wanne wakasimama na mzigo wao.

"Pole, baba," bibi akasema.

"Asante, Mama."

"Unaumwa wapi?"

Kipketer aliangalia dari. Aliangalia kibuyu. "Nina uchovu, Mama."

"Ah. Uchovu ni mbaya," bibi akasema, bila mzaha wowote. "Mimi nina kidonda tu. Lakini nikasema nije nikuone."

Jerop aliomba moyoni Kipketer aone aibu, lakini hakumtazama uso. Alitazama mikono ya wale wanne. Na Kipketer pia alikuwa akiitazama mikono hiyo. Alikuwa amebeba magunia tangu ujana wake, akijua mzigo unavyosema kabla ya kuanguka. Yule wa nyuma, upande wa kushoto, kiwiko chake kilikuwa kimeanza kutetemeka.

"Wewe, badilisha mkono!" akafoka, na kabla mtu hajamrudisha alikuwa ameruka nje ya shuka, amepita chini ya ule mlango, ameushika pembeni kwa mabega yake mawili. Akawaamuru wenzake kama yuko kwenye behewa: polepole, upande wa kichwa kwanza, usivute, shusha. Wakamlaza Mama Ogola kitandani. Jerop akamwekea mto nyuma ya mgongo, akazungusha mpini. Bibi akafumba macho, akatoa pumzi ndefu ambayo ukumbi mzima uliisikia.

Kipketer akabaki amesimama katikati ya watu na shati lake la kulalia, mzima kama nguzo.

"Kipketer," Chepkosgei akauliza polepole, "umepona?"

Macho yote yalimwendea Kimaiyo. Mwenyekiti aligonga fimbo sakafuni.

"Amepona," akasema. "Si mnamwona? Kitanda kimemponya. Sasa ni zamu ya mama huyu."

Watu wakaona ni kweli. Kibuyu kikahamishwa kutoka upande mmoja wa kitanda kwenda upande wa pili. Kwaya ikaanza tena. Kemboi alimvuta Kimaiyo pembeni akamwuliza habari ya kondoo wake, akajibiwa kwamba kondoo amefanya kazi yake vizuri.

Kitanda kilisukumwa barabarani mpaka nyumba za reli, Kipketer akiwa nyuma yake akikwepesha kila jiwe, wageni wakifuata na mabenchi, na mwanamke mmoja akiwa na lile beseni kichwani. Kwa vile mlango ulikuwa umeshang'olewa, kitanda kiliingia bila shida. Harjit alipoitwa aurudishe, alipima, akasema ukirudishwa hautafunguka, kwa sababu kitanda kimekaa palepale unapofungukia. Ogola akasema basi watatundika pazia.

Asubuhi iliyofuata Jerop alifika mapema, umande ukiwa bado kwenye majani. Beseni lilikuwa nje ya pazia, na foleni ilishaanza. Kipketer alikuwa wa kwanza, amevaa nguo za kazi, na chupa ya maziwa mkononi, kwa kuwa hangeweza kuja kumwona mgonjwa mikono mitupu. Jerop alimwambia anawe, akamwingiza. Akamfunika bibi vizuri kwa shuka, akamweka Ogola upande wa miguu na Kipketer upande wa mgongo.

"Shika hapa, chini ya nyonga," akamwambia. "Usivute. Inua kama gunia lililopasuka, usilotaka limwage hata punje."

Kipketer akainua. Bibi hakulia. Jerop akafungua kitambaa, akainama, akanusa, akakisafisha kidonda mpaka penye nyama nyekundu, akakifunika upya. Halafu akamfukuza Kipketer aende godauni, akatoka nje ya pazia akikausha mikono. Aliwaambia waliokuwa kwenye foleni kwamba leo wataingia wawili wawili, watakaa kidogo tu, na kwamba yeyote anayesikia uchovu arudi akalale kwake.