Kaka Verlin Aliyewekwa Mkiani

Habari ya kifo cha kaka yangu Verlin ilinikuta nimeshika upawa, nikimpakulia supu ya maharage mtabiri wa hali ya hewa wa televisheni.

Ilikuwa Jumamosi ya Januari, siku ya matembezi ya kila mwaka ya kwenda kuona maporomoko yaliyoganda. Sisi akina mama wa kanisa hupika katika banda la mbao, pale njia inapotokea msituni: maharage yenye nyama ya nguruwe ya moshi, na mkate wa mahindi. Bwana Craig Tolliver, mwenyekiti wa kamati ya matembezi, alikuwa amepanda juu ya benchi na kipaza sauti chake.

"Ndugu zangu, wote mmefika salama! Hakuna aliyepotea, hakuna aliyevunjika! Mpigieni makofi kiongozi wetu wa leo!"

Wakapiga makofi kwa glavu, pu pu pu, kama watu wanaokung'uta mazulia. Mimi nilikuwa natazama njia.

"Craig, Verlin yuko wapi?"

"Anakuja, mama. Si yuko mkiani?"

"Mkia umeshafika. Yule mwanamke mwenye mbwa aliyevaa sweta ndiye aliyekuwa wa mwisho, na sasa anakula bakuli la pili. Mbwa naye anakula."

"Mama Leota, Verlin angekuwa na shida angeita kwenye redio."

"Basi mwite wewe."

Akaita. Redio ikakoroma. Akaita tena, safari hii bila kutabasamu. Jirani yangu Twila akafunika sufuria bila kuambiwa. Walinzi wawili wa msitu wakarudi njiani wakikimbia, na watu wakaendelea kula, maana supu ikipoa inaganda mafuta juu. Baadaye redio ikasema: "Tumempata mzee. Yuko kwenye mwamba wa Tundu la Sindano. Amekaa." Kisha ikaongeza: "Bwana Craig, hebu msogeze dada yake mbali na redio."

Lakini nilikuwa nimeshafika kwenye redio.

Gazeti la wilaya liliandika kwamba Verlin Stambaugh alikuwa mtu mnyenyekevu, asiyependa kuonekana. Aliyeandika hakuwahi kukutana naye. Kaka yangu alikuwa dereva wa basi la shule kwa maisha yake yote ya kazi, na alipenda kukaa mbele kuliko alivyopenda kula. Hakuoa. Alisema kelele za nyuma ya kichwa alizozipata barabarani zinamtosha. Alipostaafu alihamishia tabia hiyo msituni, akawa kiongozi wa matembezi ya baridi, na kwa miaka mingi hakuna aliyeyaona maporomoko ya Kijito cha Brushel bila kwanza kuuona mgongo wa Verlin.

Mawe ya bonde letu ni ya mchanga uliogandamana, yamechimbwa na maji mpaka yakawa mapango na matao, na mengine yana matundu kama sega la nyuki. Wazee wetu waliyapa majina, na karibu majina yote waliyapeleka kwa Shetani. Kuna Meza ya Shetani, Sufuria ya Shetani, Kiti cha Shetani. Mwenye kuyaumba hakupewa hata kokoto. Nilimwambia Verlin awarekebishie wageni.

"Leota, nikiwaambia hii ni Meza ya Bwana watadhani kuna sadaka, wakimbie."

Umri wa mawe aliupanga kulingana na hali ya hewa. Kukiwa na jua, jiwe lilikuwa na miaka milioni kadhaa. Kukiwa na upepo na watu wakipiga miguu chini, aliwaongezea milioni nyingine ili waone aibu kulalamikia baridi ya asubuhi moja. Mimi naamini Mungu aliyaumba, na muda aliotumia ni wake. Lakini hata mtu asiyeamini lolote angetaka jiwe libaki na umri uleule kuanzia kifungua kinywa hadi chakula cha mchana.

Na wale wageni! Walitoka mjini wakiwa wamefunga misumari chini ya viatu, fimbo ya chuma kila mkono, wakinyonya maji kwa mrija uliotoka mgongoni, katika bonde ambamo maji yanawadondokea kutoka pande zote. Mwaka mmoja baridi ilikataa kuja, maporomoko yakawa yanatiririka tu kama bomba bovu. Wakapiga picha matope. Mmoja akamuuliza Verlin barafu itawekwa saa ngapi.

"Tumeiagiza," akamjibu. "Lori limekwama njiani."

Tatizo lake lilikuwa kusimama. Kila jiwe alisimama, kila jiwe lilikuwa na hadithi, na nyuma yake watu waliosimama kwenye theluji walianza kugeuka buluu. Supu yetu ilipoa. Kamati ikapata malalamiko. Ndipo Craig alipomwita kwenye chumba cha chini cha kanisa, nami nikiwa pale napanga vikombe.

"Mzee Verlin," Craig alisema, "kamati imekupa nafasi nyeti sana. Tumekuweka mkiani."

"Mkia wa ng'ombe nao una nafasi nyeti, Craig. Unajua unafunika nini."

"Mzee, ni heshima! Bila mkia msafara si msafara."

"Basi kaa wewe."

Hakukaa. Verlin alipewa kizibao cha rangi ya machungwa, kengele ya ng'ombe ya kutikisa ili walio mbele yake wajue hapana mtu tena nyuma, na redio. Tena alipewa maharage makavu. Huo ni utaratibu wa kwetu tangu enzi za baba: wakati wa kuondoka, mtu wa mkiani hutia kwenye mfuko wa kushoto punje moja kwa kila mtembezi. Kabla ya kufika bandani kuna mwamba uliopasuka, ndio Tundu la Sindano, ambapo lazima mpite mmoja mmoja kwa ubavu, na mwenye mlo mzuri hupita kwa kusukumwa. Pale mtu wa mkiani husimama, na kwa kila anayepita huhamishia punje moja mfuko wa kulia. Mfuko wa kushoto ukibaki mtupu, wote wamepita. Maharage hayo huletwa bandani na kuongezwa kwenye akiba ya mwakani. Yeye mwenyewe wa mkiani hana punje. Sijui kwa nini. Hakuna aliyewahi kufikiria kwamba anaweza naye kupotea.

Alikuja jikoni kwangu siku hiyo ya mkia, akakaa bila kuvua kofia.

"Hata dereva wa basi anakaa mbele, Leota."

"Njoo kanisani, kaka. Viti vya mbele viko wazi kila Jumapili."

Hakucheka. Nilimpa kahawa, akainywa kama dawa. Tangu hapo kila mwaka alitembea mwisho, akitikisa kengele kwa chuki, na kila mwaka aliniambia kwamba anachotaka duniani ni kuwaongoza mara moja tu tena, wao nyuma, yeye mbele, na asitokee mtu wa kumwambia aharakishe. Nikamwambia binadamu wengine wanaomba uzima wa milele. Akasema huo ataomba baadaye.

Mwaka huu Craig alimwahidi. Aliitamka ahadi hiyo mbele yangu na mbele ya Twila, huku anatafuna keki yetu. Verlin akanunua kamba mpya za viatu. Akapunguza masharubu. Kwa wiki nzima alikuja kwangu kufanya mazoezi mbele ya friji: "Mabibi na mabwana, hapa mbele yenu…" Friji likawa Meza ya Shetani, jiko likawa Sufuria. Nilimkatalia kukigeuza kiti cha mama yetu kuwa Kiti cha Shetani.

Asubuhi ya Jumamosi tukafika, na pale penye kibao cha kuanzia tukamkuta Brett Lansdowne, yule mtabiri wa televisheni, amevaa kofia mpya yenye masikio ya manyoya, na mpigapicha wake amesimama mbele.

Craig akamshika Verlin bega. "Mzee wangu, nisikilize. Ni leo tu. Watu wa televisheni wamekuja ghafla, tungefanyaje? Mwakani ni wewe, naapa."

"Usiape," nikamwambia.

Verlin akamtazama yule mtabiri kuanzia kofia hadi viatu. Theluji ilikuwa inaanguka kwenye masharubu yake aliyoyapunguza.

"Huyu ndiye aliyesema jana usiku leo kutakuwa na jua?"

"Ndiye," akasema Craig.

"Basi mfuateni."

Akachukua kengele, akachukua maharage, akaenda nyuma. Nilimfuata. "Kaka, twende nyumbani. Waache na manyoya yao."

"Nani atawahesabu?" akasema. "Huyo? Hata mawingu yanamshinda."

Ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia. Nimeyaomboleza, lakini siwezi kusema hayakumfaa.

Yaliyotokea yanasimulika kwa urahisi. Watu walipita Tundu la Sindano, wa mwisho akiwa yule mwenye mbwa. Verlin akamwambia atangulie, anakaza kamba ya kiatu. Akakaa kwenye jiwe. Kamati ina sheria yake, imeandikwa na Craig: mtu wa mkiani akiona kuna tatizo, ataita kwenye redio; asipoita, mambo ni mazuri. Kaka yangu hakuita. Maiti hana tatizo la kuripoti. Kwa hiyo kamati ikapanda juu ya benchi ikatangaza kwamba wote wamefika, na wale aliowahesabu mmoja mmoja wakapiga makofi kwa ajili ya kofia ya manyoya. Katika umati ule wote hakuna aliyegundua kwamba kengele imenyamaza. Walidhani mzee amechoka kupiga kelele.

Daktari alisema ulikuwa moyo, na kwamba hata wangerudi mapema isingesaidia kitu. Nilimshukuru. Aliniambia akiwa anatazama viatu vyake.

Nimewasamehe, kama Bwana alivyoagiza. Hakuagiza nisisimulie.

Mwenye nyumba ya maziko, alikoandaliwa maiti, alinirudishia nguo za Verlin kwenye mfuko wa karatasi. Nikapekua kizibao mezani, Twila akiwa pembeni. Mfuko wa kulia ulikuwa umejaa maharage. Wa kushoto nikaugeuza nje ndani: hapakuwa na hata punje.

"Alimaliza," Twila akasema. "Alimaliza kuwahesabu kwanza, Leota."

Tukayaloweka usiku uleule, yawe supu ya msiba.

Kesho yake Craig akaja na kamati yake, wote wameshika kofia mikononi. Mipango walikuwa nayo tayari. Siku ya mazishi wangevaa vizibao vya machungwa na kutangulia mbele ya jeneza wakiwa na bendera, wakiongozwa na Bwana Lansdowne, ambaye ameguswa sana na atapenda kusema machache kwenye taarifa ya jioni.

"Mama Leota, tunataka kumpa heshima anayostahili."

"Mbele atakwenda Verlin," nikasema.

"Naam, ila kwa utaratibu wa msafara, kiongozi…"

"Craig. Mbele atakwenda Verlin. Nyuma yake Mchungaji. Nyuma ya Mchungaji mimi. Ninyi mtapangana wenyewe huko nyuma. Na huyo mtabiri akitaka kuja, aje bila mpigapicha."

"Na mkiani?" akauliza, kwa mazoea tu, maskini.

Nikachukua kengele kutoka kwenye rafu nikamkabidhi.

Tulimzika Jumatano. Makaburi yetu yako juu ya kilima nyuma ya kanisa, na kwa sababu ya barafu gari halikuweza kupanda, kwa hiyo alibebwa mabegani na madereva wenzake wa mabasi. Walikuwa wazee nao. Walisimama kila baada ya hatua chache kupumua, na wote waliokuwa nyuma walilazimika kusimama kwenye theluji na kungoja. Palikuwa na upepo. Niligeuka nikaona watu wamejikunyata mpaka chini ya kilima, pua zimekuwa nyekundu, wanapiga miguu chini kimyakimya. Hakuna aliyemwambia aharakishe. Twila akaninong'oneza, "Amewapata," nikamwambia nyamaza, tuko msibani, lakini ilibidi nitazame chini.

Mwisho kabisa alikuwa Craig. Aliushika ulimi wa kengele ili isilie. Alisimama langoni mwa makaburi mpaka kila mtu akapita, nikaona midomo yake inatembea, anahesabu. Brett Lansdowne alikuja, peke yake, kichwa wazi.

Ardhi ilikuwa ngumu, kaburi lilichimbwa kwa mashine siku moja kabla. Mchungaji Haskell alisoma Zaburi, akaomba, wala hakuongeza mengi kwa sababu ya baridi. Tuliimba beti mbili za wimbo alioupenda mama yetu. Madereva wakamshusha kwa kamba. Nikatupa udongo, ulikuwa mabonge, ukagonga kwenye mbao. Twila akatupa, kisha Craig, kisha wengine. Walipomaliza kufukia tukashuka kanisani, ambako maharage yale yalikuwa motoni.