Dakika Sita za Matope

"Hapana, baba mdogo, hesabu yangu haikuwa na kosa."

Nilimjibu hivyo kwa sauti, sahani ya ugali bado iko magotini. Alikuwa amesema ati mbio si shule, ati msichana hawezi kukaa na kalamu kwenye kiti akapanga miguu ya mwenzake itafika saa ngapi. Nikamwambia alete karatasi nimfanyie tena mbele ya wote. Maili sita kwa dakika thelathini na nne. Gawanya, zidisha. Jibu litakuwa lile lile.

"Sasa kama hesabu ni sawa," baba akasema polepole, "basi kosa ni la huyu."

Akamnyooshea kakangu kidole.

Ilikuwa Jumapili mchana, tumetoka kanisani, tuko nyumbani kwetu karibu na Mabanga. Mbio ilikuwa jana yake, kule Kitale. Kakangu hakuinua kichwa. Aliendelea kukata tonge ndogo ndogo kama mtu asiye na njaa.

"Ulisimama mbele ya kisu cha tohara hukupepesa jicho," baba akamwambia. "Mimi nilikuwa hapo, niliona. Jana unatembea barabarani kama mama anaenda soko. Rika lako watasema nini?"

"Miguu ilikataa, baba," kakangu akasema.

"Miguu haikatai. Roho ndiyo inakataa."

Mimi nikaendelea kula. Nilikuwa nimemshinda baba mdogo, na hiyo ilinitosha.

Wacha nieleze ilivyokuwa. Kakangu anakama ng'ombe kwa shamba la mzungu, upande wa Kibomet. Anaamka giza, anakama, anabeba mikebe ya maziwa mpaka barabarani, mchana anakama tena. Muda wake wa kukimbia ni Jumatano jioni na Jumapili tu. Ukijumlisha yote ni maili kumi kwa wiki, na wiki nyingine hazifiki. Lakini ana mwendo. Kwenye michezo ya Bungoma alikimbia maili sita akawaacha watu wanaofanya mazoezi kila siku. Afisa mmoja wa askari akamwita kando. Akamwambia kuna mbio ndefu inakuja Kitale, ile ya maili ishirini na sita na kidogo. Akiimaliza chini ya masaa matatu, atamchukua kazini awe mkimbiaji wao. Nafasi ni moja, na ni ya mwaka huu tu. Atapata yunifomu, nyumba, na asubuhi yenye usingizi. Hatagusa tena chuchu ya ng'ombe wa mtu.

Basi alinijia mimi, kwa sababu mimi ndiye nimesoma. "Dada, nipangie."

Nilimpangia kwa haraka, hata sikumaliza chai. Kwa mwendo wa zile maili sita, ilitoka masaa mawili na karibu dakika ishirini na nane. Nikajiona mwenye huruma, nikamwongezea dakika kumi na nne za uchovu. Masaa mawili na dakika arobaini na mbili. Siku ya mbio nikamwandikia kwa wino kwenye mkono, kwa sababu wasimamizi walikuwa na meza kila maili tano, wakisoma saa kwa sauti. Maili tano: 31. Kumi: 62. Kumi na tano: 93. Ishirini: 124.

"Usipite chini ya hizi, na usichelewe," nikamwambia.

"Ni kali, dada."

"Si kali. Wewe fuata tu."

Alifuata. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi, alifuata kama mtoto wa darasa la kwanza. Mimi nilisimama kwenye meza ya maili ishirini, na watu waliopita kwa baiskeli walituambia yule wa Bungoma anakwenda kama saa. Dakika mia moja ishirini na nne ikafika, hayupo. Ikafika mia moja thelathini ndipo nikamwona. Alikuwa anatembea, mkono mmoja umeshika paja kama mtu amebeba mguu wake mwenyewe.

Wanawake waliokuwa wanauza ndizi wakacheka. "We kijana, bana, umesahau kikapu?"

"Mpeni kiti aketi!"

Aliponiona akajaribu kukimbia. Hatua kumi, akasimama. Akanitazama, halafu akatazama mkono wake, na mimi nikageuza macho. Mara atembee, mara akimbie kidogo, alimaliza kwa masaa matatu na dakika sita. Afisa alifunga kitabu chake na kuondoka.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye mkeka ile Jumapili, wakati baba ananyoosha kidole. Baada ya chakula nikatoka nyuma ya nyumba na daftari langu, nikitaka nimwandikie baba mdogo ile hesabu vizuri, ashindwe kabisa. Nikafungua kutafuta namba. Kwenye ukurasa wa nyuma yake nikakuta mbio nyingine ya kakangu, kwa mkono wangu mwenyewe. Lugulu, kwenye sikukuu ya kanisa, maili kumi na mbili, dakika sabini na nne.

Niliisahau? Sikuisahau. Niliiona wakati ule ninapanga, nikaiacha. Maili sita mara mbili ingekuwa dakika sitini na nane, na yeye alichukua sita zaidi. Nilijiambia ni matope, kulikuwa kumenyesha. Nilitaka namba nzuri, nikachukua namba nzuri.

Nikakaa kwenye jiwe la kufulia nikaanza upya. Njia ilipokuwa mara mbili, kila maili ilichelewa nusu dakika. Ikiwa mara mbili tena, itachelewa nusu nyingine. Hiyo haihitaji shule. Baba mdogo angeweza kuisema kwa kuangalia punda. Ilitoka karibu masaa mawili na dakika hamsini na tano. Hata ungeongeza kidogo kwa sababu ya zile maili kumi kwa wiki, bado iko chini ya matatu. Ningemwandikia mkononi namba za pole, sasa hivi angekuwa anapimwa yunifomu.

Roho haikukataa. Alikuwa na ile mbio yote ndani yake, mimi nikamfanya aitumie kabla ya njia kuisha.

Nikarudi mbele ya nyumba. Kakangu alikuwa anafunga furushi lake la nguo, maana basi la Kitale linapita kesho asubuhi, na mchana ng'ombe wanamngoja. Wino ulikuwa bado mkononi, umefifia, lakini ile 124 inasomeka.

"Umeshamshinda baba mdogo?" akaniuliza, akitabasamu kidogo.

Nikaficha daftari nyuma ya mgongo. Baba alikuwa amekwenda kwa jirani, na nilijua huko anasema nini juu ya mtoto wake.

Nikaamua hivi. Asubuhi, baba akiwa ameketi na chai, na kakangu bado hajatoka mlangoni, nitasimama kati yao na daftari. Nitasoma Lugulu kwa sauti, maili kumi na mbili, sabini na nne. Halafu nitamwambia baba akishushe kile kidole, au anielekezee mimi.