Nyufa za Mdomoni

Kitu cha kwanza ambacho wateja hukiona kwa fundi bunduki huyu ni waya mwembamba uliopinda ncha, aliouchomeka kwenye nywele kama pambo. Siku hiyo aliuchomoa kabla shemeji yake, mdogo wa mumewe, hajakaa.

Shemeji alileta bunduki ya kukokiwa kwa wenzo aliyorithi kwa baba yake, pamoja na maganda ya risasi yaliyopasuka. Mashindano ya shabaha yalikuwa Jumamosi, na bunduki nyingine hakuwa nayo.

“Sema tu ukweli, shemeji. Imekufa?”

“Tulia. Hata wewe una mvi na hatujakuzika.”

Fundi alipapasa kwa waya ndani ya ganda, karibu na kitako. Chumba cha risasi kikilegea, ganda huanza kukatika huko kwa kuzunguka. Waya uliteleza bila kukwama. Nyufa zote zilikuwa mdomoni, zikishuka kwa urefu.

“Umeyajaza baruti upya mara ngapi haya?”

Shemeji akakuna kichwa. “Baba aliyajaza sana. Nami nikaendelea.”

“Kumbe ulirithi hadi maganda. Shaba ikitanuliwa na kubanwa kila mara hukakamaa, mwisho hupasuka. Bunduki yako ni nzima.”

Wakaenda kwenye tuta la majaribio nyuma ya karakana na kufyatua risasi mpya. Ganda liliruka bila ufa hata mmoja. Shemeji akacheka mpaka akashika mbavu.

Karakana itafungwa Jumamosi. Fundi amekwisha kumwambia mumewe atafute viti vya mbele kabisa huko mashindanoni.