Tulivyomfungia Mlinzi wa Mnara

Mtandao niliukubali kwa kidole changu mwenyewe, tena nikicheka.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mkutano shuleni kwetu, huku juu ya Karatu mashamba yanapoishia na msitu kuanza. Bwana mmoja mnene wa kampuni ya simu alikuja na pikapu nyeupe. Akasema wanataka kusimika mnara juu ya kilima chetu, na kila nyumba itapata mtandao. Sisi wamama tulikaa chini mbele kabisa. Kiswahili chetu kilikuwa cha sokoni: bei gani, punguza, ongeza moja. Mtandao! Tukatazamana. Mtandio tunaujua, ule wa kujitanda kichwani ukienda kanisani. Jirani yangu, mjane mmoja mwenye ulimi kama wembe, akaninong'oneza kwa Kiiraqw, "Muulize rangi."

Mimi sina aibu, hata Mungu anajua. Nikasimama. "Mzee, tutachagua rangi au mnatugawia tu?"

Yule bwana alicheka mpaka akajishika tumbo. "Bibi, huu hauna rangi. Huu uko hewani."

Nikakaa nikawaambia wenzangu, ni kile kitambaa chepesi, kile laini kabisa. Wakafurahi! Tukapanga foleni, dole gumba kwenye wino, dole gumba kwenye karatasi. Wa kwanza mimi.

Mitandio tunaingoja mpaka leo. Kilichokuja ni mnara, ukuta wa matofali na jenereta. Umeme ulikuwa haujafika huku, kwa hiyo jenereta lilinguruma kutwa kucha, na nyuma yake likawekwa tenki la dizeli kubwa kuliko jiko langu. Chini ya ukuta huo, hatua kidogo tu, ndipo ilipo chemchemi yetu. Mama mkwe ndiye aliyenionyesha chemchemi hiyo siku ya pili tangu niletwe kutoka Mbulu. Hatuna nyingine. Ile ya shuleni ni kisima, kina kufuli, na ufunguo anao mwalimu mkuu.

Na mimi wakati huo nilikuwa tajiri. Msicheke! Kanisa lilinipa mtamba wa kisasa, mweusi mwenye mabaka meupe, akazaa, akawa anajaza ndoo. Kila asubuhi napeleka maziwa mjini, hotelini kwa mama mmoja wa Kichaga, pale wanapokunywa chai madereva wa watalii kabla ya kupanda Ngorongoro. Mume wangu alishakufa, wanangu wako huko na huko. Ng'ombe yule ndiye alikuwa mume, ndiye mtoto, ndiye shamba. Na ng'ombe wa kisasa anakunywa maji kama mlevi.

Masika ya kwanza baada ya jenereta kuja, nikakuta maji ya chemchemi yamevaa rangi. Bluu, zambarau, njano, yanameremeta kama mkufu. Ukiyagusa yanateleza. Siku ya mnada wakapita wamama wa Kimasai wanaoteremka kutoka Nainokanoka na punda wao. Punda wakainamisha shingo, wakanusa, wakarudi nyuma wote kwa pamoja. Wale wamama walicheka! Mmoja akatuuliza, "Nyie mnakunywa kitu punda amekataa?"

Ndiyo, tulikunywa. Tungekunywa nini?

Na ng'ombe wangu alikunywa, maana alifungwa kamba, atakwenda wapi. Wiki ya pili nikafika hotelini, yule mama akafunua ndoo, akakunja pua. Akaita kwa sauti, madereva wote wasikie, "Bibi, leo umekamua ng'ombe au umekamua lori?"

Dereva mmoja akadakia, "Mletee kiberiti tuone!"

Meza zote zikalipuka. Nikayamwaga maziwa mtaroni mbele yao, na mimi nikacheka, maana usipocheka wanakucheka peke yao.

Tukaenda kwa mtendaji wa kijiji, wamama kumi na kitu. Mtendaji akatoa ile karatasi ya mkutano, akaiweka juu ya meza. "Hiki kidole cha nani? Na hiki? Mlikubali mtandao." Tukamngoja bwana wa pikapu siku aliyokuja. Nikamwambia mafuta yako yako kwenye maji yetu. Hata kioo hakukishusha chote. Akasema, "Mama, mafuta yanaelea. Chota ya chini."

Nikikumbuka jibu lile bado nacheka, maana ni kweli, yanaelea.

Sasa sikiliza habari ya mlinzi.

Mlinzi wa mnara alikuwa Mnyiramba, ametoka Singida. Alikuja Karatu kuchuma kahawa kwenye mashamba ya wazungu, kazi ilipoisha kampuni ikamchukua. Mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka kooni, anamwamkia kila mtu, hata watoto. Alikaa na mke wake kwenye kibanda cha mabati pembeni ya ukuta. Mke binti mdogo tu, ana mimba. Alichota maji na sisi, kwenye chemchemi hiyohiyo, na alikuwa anatupisha tutangulie. Hawakutukosea kitu. Lakini bwana wa pikapu alikuja mara moja kwa wiki, hao tulikuwa nao kila siku. Ukishindwa kumpiga mwenye mbwa, mbwa si yupo?

Asubuhi moja yule binti akaja na ndoo, uso umevimba, anatembea ameachanisha miguu. Siku tatu hatukuwa tumemwona. Mjane akamwangalia tumbo.

"Imetoka?"

"Ndiyo, mama. Ilikuwa na miezi mitano."

Nawaambia, uso wa yule mjane uling'aa kama amefunguliwa mlango wa duka.

Kwetu Wairaqw kuna kitu kinaitwa metimani. Mimba ikiharibika, nyumba hiyo inafungwa. Hawasalimiwi. Hawaombi moto wala chumvi. Hawachoti maji pamoja na watu. Kitu chao hakishikwi mpaka muda upite. Kanisa lilikuwa limeshatufundisha kuacha, na kweli tulikuwa tumeacha, hata binti yangu mwenyewe mimba yake ilipotoka nilimpikia uji tukalia wote. Lakini siku ile tulirudia dini ya bibi zetu mbiombio.

"Metimani," mjane akasema.

"Metimani," tukasema wote, kwa furaha kama tunaitikia wimbo.

Binti hakuelewa neno. Mimi ndiye niliyempa tafsiri. Nilimpokonya ndoo yake, nikaimwaga, nikaitupa njiani. Nikamwonyesha kilima kwa kidole. Alijaribu kuinama kuiokota, hakuweza kuinama. Tukamsubiri mpaka akaweza.

Katekista akaja kutukemea, akasema ni ushenzi. Tukamjibu, dizeli ikitoka kwenye maji na sisi tutatoka kwenye ushenzi. Mwenye duka, kijana wa Kimachame, alisema pesa haina mwiko. Tukamwambia chagua, utamuuzia chumvi Mnyiramba mmoja au utatuuzia sisi wote? Akachagua.

Mlinzi alikuja mpaka kwenye uzio wangu. "Shikamoo mama. Mama, mimi mila yenu siijui. Mke wangu hajapona. Naomba ndoo moja tu, utuombee kwa mwalimu, ya kile kisima cha shule."

Nilikuwa nakamua. Nikamgeukia ng'ombe, nikamuuliza, "Wewe, unasikia mbwa wa nani huyo analia?"

Mjane alikuwa nyumba ya pili, alicheka mpaka nikamsikia. Mlinzi akasema, "Asante mama," akaenda. Asante ya nini? Tuliigiza ile asante yake wiki nzima.

Na metimani ilifanya kazi, msidhani haikufanya! Masika barabara ya kilimani ni utelezi mtupu, pikapu inaishia kwenye daraja. Dizeli ilikuwa inapandishwa kichwani, kwa madumu, na waliokuwa wanapandisha ni sisi sisi, vibarua wa kijiji. Sasa nani atashika dumu la nyumba iliyofungwa? Madumu yakakaa darajani. Mlinzi akapandisha mwenyewe moja moja, akashindwa. Siku ya nne jenereta likakohoa, likanyamaza.

Ukimya ule! Nilisikia kuku wangu wakila. Mjini Karatu madereva walipanda juu ya magari yao wameinua simu kama wanaomba mvua. Tulikwenda makusudi kuwatazama. Nikapita hotelini nikawauliza, "Vipi, mnataka kiberiti?"

Bwana wa pikapu akaja na askari, akaita mkutano. Alikuwa na karatasi ya mahesabu yake, dizeli iliyoletwa na dizeli iliyochomwa, havifanani, tena tangu zamani, kabla ya madumu kukwama. Akasema, "Mambo ni mawili. Ama tenki linavuja, ama mlinzi anaiba. Nani anajua?"

Mlinzi akasimama. "Linavuja, bosi. Nilikwambia mwezi ule, nikakwambia tena. Hata hawa wamama wanajua." Akatuangalia.

Ilikuwa neno moja tu. Linavuja. Ndilo tulilokuwa tunalilia tangu masika. Lakini limetoka kwenye mdomo wa mtu wa metimani, nami nilikuwa na utamu wangu wa ushindi bado mdomoni. Nikafikiri, akiondoka huyu, nani atawasha jenereta? Litakufa kabisa. Nikaona nina akili kuliko mwenyekiti. Nikasimama.

"Anauza," nikasema. "Hata mimi ameniuzia."

Wamama wakaguna kwa raha. Mjane akainuka, "Mimi nilimnunulia shemeji yangu wa mashine ya kusaga. Madumu mawili." Mwingine akasema matatu. Tukawa kama mnadani, kila mmoja anapandisha. Mtendaji anaandika, kalamu inakimbia. Mlinzi aliniangalia mimi peke yangu. "Mama," akasema. Basi. Askari akamfunga mikono, akamweka nyuma ya pikapu katikati ya mapipa matupu. Vifungo vya shati vyote vimefungwa.

Tulirudi nyumbani tukicheza.

Wiki iliyofuata jenereta likanguruma. Walikuwa wamemleta mlinzi mwingine, mtu wa Dodoma, na trekta la kupandisha mapipa. Haikutuvunja moyo. Tukajaza chupa maji ya chemchemi yanayonuka, tukaibeba mpaka ofisini kwa mtendaji. Bwana wa pikapu alikuwepo. Akaifungua, akanusa.

"Hii dizeli imetoka wapi?"

"Tenki lako linavuja," nikasema.

"Linavuja?" Akamwambia mtendaji asome. Mtendaji akasoma maneno yangu, moja moja, hata yale ya mjane na shemeji yake. Bwana akanirudishia chupa. "Mama, mmesema wenyewe dizeli haikuvuja, iliibwa. Na walionunua ni nyinyi. Sasa kama mnaosha madumu yenu ya wizi kwenye chemchemi, mimi nifanyeje? Mnataka na nyinyi mpande pikapu?"

Nikaificha chupa ndani ya kitenge. Kesi yetu tuliiua wenyewe, na tukampa kisu cha kuichunia.

Siku mbili baadaye yule binti alipita kwangu. Alikuwa amebaki kibandani peke yake, mlinzi mpya kamtoa. Ana furushi kichwani, anaenda kutafuta lori la Singida. Akasimama kwenye uzio. Metimani ilikuwa haijaisha, sikumwitikia.

"Mama, sikuja kuomba," akasema. "Nimekuja kukwambia beseni liko chini ya tenki. Kubwa, la bluu. Mume wangu aliliweka akingie matone yasishuke kwenye maji yenu. Yeye haruhusiwi kuacha lindo, kwa hiyo nilikuwa nalibeba mimi, namwaga kule kwenye shimo la takataka, ng'ambo. Asubuhi na jioni. Lilikuwa zito, mama. Ndilo lililonitoa mtoto. Tangu nimeugua nadhani linafurika tu. Ndiyo maana maji yenu yamezidi kuchafuka."

Akanyanyua furushi. Nilikuwa na maziwa ya moto jikoni, yananuka lakini ni ya moto. Sikumpa. Nilisema ni mila. Akaenda zake.

Ng'ombe aliacha kula mwezi huo. Wachinjaji walimchukua kwa bei ya ngozi, na mmoja wao akanitania kwamba nyama hii itajikaanga yenyewe. Nilicheka, utani mzuri ni utani mzuri.

Nikapanda kilimani peke yangu, kwa fimbo. Nilitaka lile beseni. Nilitaka nilirudishe chini ya tenki, nimwage mwenyewe, asubuhi na jioni, sina ng'ombe, sina kazi nyingine. Nikalikuta mlangoni kwa mlinzi mpya. Amelijaza sabuni, anafulia soksi.

"Shida gani, bibi?"

"Nimefuata beseni."

"La kwako?"

Nikafikiri. "La binti yangu."

"Basi mwambie binti yako aje achukue mwenyewe," akasema, akakamua soksi.