Jina Lililoondoa Baka

Kabla sijatimiza miezi mitatu nilikwisha kuitwa majina manne, na sababu ni baka. Sikuzaliwa nalo. Lilijitokeza nikiwa na wiki mbili, kidoti chekundu kwenye shavu la kushoto, na mama yangu Imakulata akadhani nimeumwa na mbu. Mbu gani huyo! Mwezi ulipoisha kidoti kilikuwa kimevimba, chekundu kama pilipili iliyoiva.

Mwaka huo, 1974, wazazi wangu walikuwa ndio kwanza wamehamia kijiji cha ujamaa karibu na Usinge. Padri alipita kwa nadra, kwa hiyo sikuwa nimebatizwa, na jina langu lilikuwa mikononi mwa bibi yangu Kashindye. Kwetu mtoto akipata tatizo lisiloeleweka, wazee husema amepewa jina lisilo lake. Yuko marehemu anayedai la kwake. Nilianza na Kabula, maana mvua ilikuwa inanyesha. Baka likakua. Nikaitwa Nyamizi. Likakua. Nikaitwa Nyanzobe, jina la mama yake bibi, mwanamke aliyesifika kwa ukali. Likakua zaidi, marehemu hata asante hakusema.

Bibi akatangaza kwamba majina yameshindwa, sasa ni wembe: alichanje baka, damu mbaya itoke, apake dawa. Mama akakimbilia zahanati, na hapo ndipo anapoingia mtu ninayetaka kusimulia habari zake.

Nesi Veneranda alikuwa mzaliwa wa Ipuli, aliyesomea ukunga kwa masista. Baiskeli yake haikuwa na kengele, basi akipita njiani alipiga kelele mwenyewe, "Ngrii! Ngrii!" na kuku wakampisha. Kutoka sikioni hadi shingoni alikuwa na baka la zambarau. Mchumba wake mmoja aliwahi kumwambia afunge mtandio. Yeye akamwambia afunge mdomo. Uchumba ukaishia hapo.

"Shikamoo, mama," akamsalimu bibi mara tu aliposhuka kwenye baiskeli uani kwetu.

"Marahaba, nesi. Wembe uko tayari."

"Uweke chini kwanza. Hivyo ni vijishipa vya damu vimejikusanya. Ukivichanja damu itatoka mpaka ujute. Vitakua miezi michache, vitasimama, kisha vitaanza kunywea vyenyewe polepole. Mpaka aanze shule huenda usivione. Lingekuwa linaziba jicho, au limefanya kidonda, ningempakia kwenye baiskeli sasa hivi nimkimbize hospitali."

Bibi akamkazia macho shingoni. "Nesi, hilo lako umekaa nalo miaka mingapi?"

"Thelathini na minne."

"Basi," bibi akasema, akauchukua tena wembe.

Mama anasema nesi alilengwa na machozi. Maisha yake yote alikuwa akiulizwa swali hilo na kulijibu kwa mzaha, lakini siku hiyo shavu la mtoto lilikuwa linangojea jibu. Akaushika mkono wa bibi, akauweka shingoni mwake.

"Papasa, mama. Langu ni bapa. Nilizaliwa nalo, nimekua nalo, nitazikwa nalo. Sasa papasa la mtoto. Limekuja baadaye, limevimba. Si kitu kimoja."

Bibi akapapasa huku, akapapasa kule. Hakuna mtu aliyewahi kumpa shingo yake hivyo. Hatimaye akasema, "Nakupa muda. Tutalipima kwa uzi, na uzi nitakata mimi. Na jina nalibadilisha. Ataitwa Veneranda. Kama wewe ndiye unayemdai, tuone."

Basi kila mwezi bibi alikata uzi wa urefu wa baka na kuugandisha kwenye bonge la nta ya nyuki. Uzi wa pili ulikuwa mrefu kuliko wa kwanza. Bibi akainuka kuutafuta wembe asiuone, kwa sababu nesi alikuwa ameukalia juu ya mkeka, akiomba kwa upole apewe ugali. Wa tatu, mrefu tena. Wa nne ukalingana na wa tatu, na wa tano hivyo hivyo. Nilipotimiza mwaka baka lilikuwa limepauka katikati, na uzi ulikuwa umepungua kwa upana wa ukucha. Bibi aliulaza uzi huo juu ya mwenzake, akalia, halafu akatoka kwenda kuutangazia ulimwengu: jina limefanya kazi!

Nesi alieleza mpaka sauti ikamkauka. Nani amsikilize? Kila mtoto aliyeonekana na alama kijijini akapewa jina hilo, mpaka darasa la kwanza tukawa Veneranda watatu, mmoja wetu baka lake bapa likiwa palepale.

Nilikuwa na miaka saba, shavu langu laini, nilipokaa karibu naye kwenye benchi la zahanati. Nikamwonea huruma kwelikweli.

"Nesi, na wewe tukutafutie jina lingine, lako liondoke?"

Alicheka. Akakishika kidole changu na kukiweka shingoni mwake, palepale alipokuwa ameuweka mkono wa bibi.

"Liondoke liende wapi, mwanangu? Siku ile ningekuwa na shingo safi, ningemwonyesha nini bibi yako?"