Babu Angefika Mapema Zaidi

Nilihamishiwa Kyela, kando ya ziwa, kufundisha historia, nikamwoa Ipyana, na kwa miaka kadhaa baba mkwe aliniheshimu sana kwa sababu hakujua hasa ninafundisha nini.

Siku moja, tukipasua kokoa, akaniuliza. Nikamweleza somo la juma lile: wahenga wa Madagaska walivuka bahari kwa mitumbwi, wakitokea visiwa vya Indonesia. Nikaongeza kwamba niliwataka wanafunzi wawaze: je, kama wangefika mapema zaidi, karne nyingi kabla, ingekuwaje? Huenda wangevuka hadi bara, na leo sisi ndio tungeitwa wageni.

"Kumbe mtu anaweza kutangulia kwa kuwaziwa tu?"

"Ni zoezi, baba. La kunoa akili."

"Ndaga fijo, mwalimu," akanishukuru kwa Kinyakyusa, kwa unyenyekevu ambao ungenishtua kama akili yangu mwenyewe ingekuwa imenolewa.

Baada ya siku chache likaja shauri la mpaka. Mafuriko yalikuwa yamezoa migomba iliyotenganisha shamba lake na la jirani, na kila mmoja alidai kipande kilichobaki matope. Mwenyekiti wa kitongoji akauliza ni ukoo gani ulitangulia kulima pale.

Baba mkwe akasimama. "Babu wa huyu ndiye aliyetangulia, sikatai. Lakini mvua isingemzuia babu yangu kule milimani, angefika mapema zaidi. Jambo hili linafundishwa shuleni. Mkwe wangu analipwa mshahara kwa ajili yake."

Watu wote wakanigeukia.

"Ni kweli, mwalimu?" mwenyekiti akauliza.

"Ni zoezi," nikasema.

Jirani hakungoja. "Basi na babu yangu, asingechelewa njiani kwa kuoa, angefika kabla babu wa huyu hajazaliwa!"

Wakaendelea hivyo, babu huyu akimpita yule, mpaka wote wawili wakawa wamefika kabla ya ziwa lenyewe. Mwenyekiti alicheka hadi machozi. Mwishowe akaamua kipande kigawanywe katikati na ipandwe migomba mipya. Wazee wakapeana mikono, wakaondoka bega kwa bega.

"Hawa wasomi," nikamsikia jirani, "wangetugombanisha."

"Kabisa," baba mkwe akaitikia.

Migomba nilipanda mimi.