Hodi ya Saa Nane

Kazi yangu ni kusuka upya mota za pampu za visima. Sikuisomea darasani, nilijifunza kwa vitabu vya mitumba na kwa mota nilizoziunguza. Nafanyia kazi chumba cha uani, nyumbani kwangu pembeni mwa mji wa Dodoma. Ninapozungusha waya wa shaba nahesabu kila mzunguko kichwani, na nikipotea naanza upya. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na sheria moja. Nikiwa nahesabu, hakuna anayezungumza.

Mwezi wa nane, wakati upepo unapeperusha vumbi tangu asubuhi, nilianza kusikia hodi. Ilikuja mlango wa mbele, saa nane na robo mchana. Hodi tatu, zilizoachana sawasawa, kisha kimya. Nilipokwenda kutazama, uwanja ulikuwa mtupu na lango limefungwa kwa komeo la ndani.

Siku ya pili ikawa vile vile. Siku ya tatu nilimuuliza mke wangu, ambaye saa hizo huwa jikoni. Watoto walishaondoka zamani, lakini bado tunaitana Baba na Mama.

"Mama, umesikia hodi?"

"Nimesikia."

"Ni nani?"

Akapakua chakula. "Njoo ule, Baba. Hujala tangu jana."

Mimi si mtu wa mizimu. Nilipaka grisi bawaba za lango. Nilipigilia bati lililolegea. Niliandika daftarini saa, upande wa upepo, na kama mbwa wa jirani alibweka. Hakubweka hata mara moja. Niliandika pia jambo ambalo sikulielewa: kila hodi ilipokuja, nilijikuta nimepoteza hesabu. Mota ya mteja wa Mvumi niliisuka mara nne, na mara zote nne kazi ilikatika kwenye mzunguko wa sabini na moja.

Ndipo nilipochekecha majivu ya jikoni na kuyatandaza mbele ya mlango, tabaka jembamba. Niliyatandaza nikiwa peku, makusudi, kisha nikavaa ndala na kurudi kazini.

Hodi ilikuja. Nilipofika mlangoni, nyayo zilikuwepo. Zilitokea upande wa uani, zikasimama zikiuelekea mlango, zikarudi zilikotoka. Soli ya kushoto ilikuwa imelika upande wa nje. Nilivua ndala zangu nikazigeuza. Zilikuwa na majivu.

Mke wangu alikuwa amesimama ndani, nyuma ya pazia la mlango.

"Ni mimi?" nilimuuliza.

"Ni wewe." Hakutoka. "Siku ya kwanza nilidhani unanitania. Nikakwambia, mgeni njoo, wenyeji tupone, umeleta nini? Ukanitazama kama hunijui, ukageuka. Toka siku hiyo siitikii."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu sauti si yako, Baba."

Sikuuliza ni ya nani. Yeye akaendelea, taratibu, kama mtu aliyekwisha kuyapanga maneno yake. "Nimefunga begi. Kesho naenda kwa dada yangu, kule Kongwa. Siwezi kukaa peke yangu na marehemu kila mchana, na wewe husemi kitu."

Marehemu alikuwa kaka yangu. Alilima mpunga Bahi, na kila Alhamisi mnamo saa nane mchana bodaboda ilimshusha langoni kwetu na furushi la perege wakavu. Alikuwa mtu wa adabu za zamani. Alipiga hodi tatu, na asipoitikiwa aliondoka, hata kama mlango uko wazi. Alhamisi yake ya mwisho tulikuta furushi kizingitini. Alhamisi iliyofuata tulikuwa Bahi tunamzika; moyo ulimsimama. Msibani niliulizwa kama tulionana wiki ile, nikasema alikuja lakini sikumsikia. Nililirudia jibu hilo kwa kila mtu, na kwa mke wangu pia.

Nilikaa chini, karibu na majivu.

"Nilimsikia," nikasema. "Zote tatu. Ya kwanza nilikuwa sitini na tisa, ya pili sabini, ya tatu sabini na moja. Nikasema nimalize kwanza."

Pazia lilisogea. Mke wangu alikuja akakaa kizingitini, miguu yake kwenye majivu.

"Na mimi nilimsikia," akasema. "Nilikuwa na ungo wa mchele mkononi. Ulikuwa unahesabu. Nikaogopa kuivunja sheria yako." Baadaye akaongeza, "Na samaki tuliwala."

"Tuliwala."

Kesho yake hakusafiri. Nilirudi kwenye mota. Sikumbuki kutoka chumbani. Nakumbuka hodi ya kwanza, nakumbuka ya pili, kisha, kabla ya ya tatu, sauti ya mke wangu kutoka ndani:

"Karibu, shemeji. Pita ndani."

Nikajiona nimesimama mlangoni, mkono wangu kwenye mwimo. Nikapita. Kiti alichozoea kukalia kaka kilikuwa kimevutwa, na juu ya meza kulikuwa na maji ya kunawa.

Wiki iliyofuata tulikwenda hospitali, sote wawili. Muuguzi wa afya ya akili aliniuliza nalala saa ngapi na nakula nini, akaeleza kwamba mtu asiyelala, mwenye jambo asilolisema, anaweza kutenda vitu bila kujijua. Kisha akauliza sisi wawili huwa tunazungumza nini nyumbani. Mke wangu akamweleza sheria yangu ya kimya. Alitupa tarehe ya kurudi, na tumerudi kila tulipoitwa.

Sheria ya kimya nimeifuta. Mota ya Mvumi niliimaliza mke wangu akichambua mchele pale mlangoni mwa chumba changu na kunisimulia habari za kaka, nyingine sikuwahi kuzijua. Nilipoteza hesabu mara mbili, nikaanza upya.

Hodi sijaisikia tena. Mke wangu anasema yeye aliisikia mara moja, siku niliyokwenda Mvumi kuifunga mota ile. Anasema aliitikia kabla ya ya tatu.